Kadi Inayojiunga na Wi-Fi Si Lazima Iweze Kuirusha

Kompyuta ya mezani iliyomaliza utumishi wake ofisini na kuuzwa mtumba bado ina nguvu za kutosha kusimamia mtandao wa nyumba nzima. Ukiiwekea Linux na kuiunganisha kwa waya na modemu ya faiba au ya laini ya simu, itagawa intaneti kwa simu za familia, itazuia tovuti usizotaka watoto waingie, itatunza mafaili ya pamoja na itakuonyesha ni kifaa gani kinachomaliza bando. Kinachobaki ni kadi ya Wi-Fi, na hapo ndipo mipango mingi hukwama. Mnunuzi huangalia bei, kasi iliyoandikwa kwenye boksi na idadi ya antena, kisha anafika nyumbani na kadi inayojiunga na Wi-Fi ya jirani bila taabu lakini inagoma kabisa kurusha ya kwake. Makala hii inatetea hoja moja: uwezo wa kadi kuwa kituo cha Wi-Fi hauamuliwi na bei wala kasi yake. Unaamuliwa na chipu iliyomo ndani na draiva inayoiendesha. Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni chipu gani imo humu, na swali hilo lina jibu linaloweza kupatikana kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Tuanze na sababu, kwa maana bila kuielewa mtu hubaki kudhani kwamba kadi iliyogoma ni mbovu. Kujiunga na mtandao na kuuendesha ni kazi mbili tofauti, kama vile kualikwa kwenye shughuli kulivyo tofauti na kuwa mwenye shughuli. Kadi iliyojiunga husikiliza, hutuma data zake, na ikichoka hulala ili kuokoa betri. Kadi inayorusha haina ruhusa ya kulala. Kwa mpangilio wa kawaida hutoa tangazo la jina la mtandao karibu mara 10 kila sekunde, saa zote, hata kama hakuna anayeutumia. Huitambua kila simu inayobisha hodi, hukagua neno lake la siri, huitengenezea funguo zake za usimbaji, na simu ikilala huihifadhia data mpaka iamke na kuja kuzichukua. Yote haya lazima yafanyike kwa wakati uliopangwa, kwa vifaa vingi kwa pamoja. Mtengenezaji aliyekusudia kuuza kadi za laptopu hana sababu ya kugharamia kazi hiyo, na wengi hawaigharamii.

Historia ya programu inayotumika kwenye Linux kwa kazi hii inaonyesha jinsi chipu ilivyokuwa na kauli tangu mwanzo. Programu hiyo inaitwa hostapd, na mwandishi wake mkuu ni Jouni Malinen. Ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 sambamba na draiva ya chipu za Prism za kampuni ya Intersil, na sababu ya kuchagua chipu hizo ilikuwa ya kiufundi: zilikuwa na hali maalumu ambamo kazi zinazodai haraka, kama kutoa tangazo la jina na kuthibitisha kwamba data zimefika, zilifanywa na chipu yenyewe, huku usimamizi wa wateja ukiachiwa kompyuta. Baadaye chipu za Atheros zikachukua nafasi hiyo, kwanza kwa draiva iliyoitwa MadWifi, ambayo sehemu yake moja muhimu ilikuwa imefungwa, halafu mwaka 2008 kwa ath9k, draiva ya wazi iliyotolewa na Atheros wenyewe na kuingizwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, waliofanikiwa kujenga vituo vya Wi-Fi kwa kompyuta za kawaida ni wale walioanza na chipu, kisha wakatafuta kadi iliyoibeba.

Ili kadi irushe, matabaka manne lazima yakubaliane. La kwanza ni chipu: iwe na uwezo huo katika umbile lake. La pili ni fimwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu kila kompyuta inapowaka; mtengenezaji anaweza kuiandika kwa namna inayoruhusu kurusha, inayoruhusu kwa masharti, au inayokataa. La tatu ni draiva iliyomo kwenye kerneli, ambayo lazima iwe imeandikwa ili kuutumia uwezo huo na kuuonyesha kwa hostapd. La nne ni sheria ya masafa ya nchi, ambayo kwenye kompyuta huja kama orodha ya chaneli zinazoruhusiwa na nguvu ya kila moja. Tabaka moja likikataa, mengine matatu hayasaidii kitu. Ndiyo maana maneno "inafanya kazi na Linux" kwenye tangazo la muuzaji hayana uzito katika jambo hili. Mara nyingi maana yake ni kwamba mtu fulani aliichomeka, ikajiunga na mtandao, akaridhika.

Habari njema ni kwamba kompyuta yenyewe hujibu swali hili waziwazi. Kama kadi iko mkononi, au muuzaji anakubali uijaribu kwenye laptopu yako, amri mbili zinatosha. Kwa kadi iliyo ndani ya kompyuta andika lspci -nn, na kwa ile ya USB andika lsusb. Zote zitakuonyesha namba za utambulisho za kifaa, na hizo ndizo za kuaminiwa kuliko jina lililochapwa juu ya plastiki. Kisha andika iw list na utafute orodha ya hali ambazo kadi inaweza kufanya kazi kwazo. Kama kuna mstari wenye herufi AP peke yake, kadi na draiva yake zinaweza kurusha. Mstari wa AP/VLAN hautoshi peke yake, na neno managed maana yake ni kujiunga tu. Kama umeona monitor bila AP, kadi inaweza kunusa mawasiliano ya hewani lakini haitakuwa kituo.

Usiishie hapo, maana mstari wa AP ni mwanzo wa uchunguzi. Shuka chini zaidi mpaka kwenye orodha ya masafa, uone kama kadi ina GHz 2.4 peke yake au ina 5 pia, na kama chaneli zimewekewa alama ya no IR. Alama hiyo ina maana kwamba kadi inaruhusiwa kusikiliza kwenye chaneli hiyo na kujibu, ila hairuhusiwi kuwa ya kwanza kuzungumza; na kituo cha Wi-Fi ndicho lazima kizungumze kwanza. Halafu soma sehemu ya mchanganyiko wa kazi zinazoweza kufanyika kwa pamoja. Hapo utajua kama kadi inaweza kurusha majina mawili, moja la familia na jingine la wageni, na kama inaweza kujiunga na mtandao mmoja huku ikirusha mwingine. Mara nyingi utakuta inaruhusu hivyo kwenye chaneli moja tu, na bei ya ruhusa hiyo ni kasi: redio ni ileile, kwa hiyo kila data hupita hewani mara mbili. Mwisho, tazama orodha ya usimbaji. Ukitaka WPA3, kiwango cha usalama kilichotangazwa mwaka 2018, kadi lazima iweze kulinda pia ujumbe wa usimamizi wa mtandao, na katika orodha hiyo uwezo huo huonekana kama CMAC. WPA2 yenye CCMP bado inafaa nyumbani kama neno la siri ni refu, lakini kadi inayojua TKIP peke yake iachwe dukani.

Sasa tuzitazame familia za chipu zinazopatikana kwenye maduka yetu, kwa kuwa kila familia ina tabia yake. Chipu za Atheros zinazoendeshwa na ath9k ndizo zenye sifa ya uaminifu kuliko zote. Zile za ndani ya kompyuta hazihitaji hata fimwea ya kupakiwa, na uwezo wa kurusha umekamilika. Udhaifu wake ni umri: ni za kizazi cha 802.11n, kiwango cha mwaka 2009. Kwa nyumba yenye bando la Mbps 20 au 30 huo si udhaifu hata kidogo. Chipu za MediaTek zinazoendeshwa na draiva ya mt76, iliyomo kwenye kerneli tangu 2018, ndizo chaguo la wazi kwa anayetaka vizazi vipya. Mmoja wa waandishi wakuu wa draiva hiyo ni Felix Fietkau wa mradi wa OpenWrt, mradi unaoandika programu za ruta, na jambo hilo linaeleza mengi: draiva iliyoandikwa na watu wa ruta huanza na swali la kurusha, tena kwa vifaa vingi. Hata kwenye USB, ambako kwa kawaida mambo huwa magumu, chipu kama MT7612U hurusha vizuri kwenye masafa yote mawili.

Intel ndiyo mtego wa wengi, kwa sababu kadi zake zimejaa kwenye laptopu, zina draiva nzuri ndani ya kerneli, na kwa kujiunga na mtandao hazina ubaya. Lakini zimeundwa kwa ajili ya kujiunga. Kadi nyingi za Intel za miaka ya karibuni hukisia zipo nchi gani kwa kusikiliza vituo vilivyo jirani, na zisipokuwa na uhakika hufunga chaneli za GHz 5 kwa alama ileile ya no IR. Matokeo yake ni kwamba zitarusha kwenye GHz 2.4, na kwenye 5 zitakataa, wala hakuna faili la mipangilio litakalozibembeleza, maana uamuzi umo ndani ya fimwea. Kuna mtego mwingine hapo hapo kwa wanaonunua kadi peke yake: AX200 ni kadi inayojitegemea, ila AX201, inayofanana nayo kwa sura, inahitaji sehemu nyingine ya Wi-Fi iliyomo ndani ya prosesa au chipseti za Intel za aina fulani. Ukiichomeka kwenye bodi isiyoikubali, haitaonekana kabisa.

Realtek ndiyo utakayoikuta kwenye vijiti vingi vya USB vya bei ya chini, na hukumu yake haiwezi kuwa moja. Kwa miaka mingi draiva za vijiti hivyo zilikuwa nje ya kerneli, zikitegemea mtu wa kujitolea azirekebishe kila kerneli inapobadilika, na baadhi zilihitaji hostapd iliyofanyiwa marekebisho maalumu. Hali imeanza kubadilika: kerneli 6.2 ya Februari 2023 iliiongezea draiva ya rtw88 uwezo wa kuendesha vijiti vya USB, na chipu zimekuwa zikiingizwa moja baada ya nyingine. Kwa hiyo Realtek si ya kukataliwa kwa jina. Ni ya kuchunguzwa namba kwa namba. Broadcom nayo ina sura mbili. Draiva ya kampuni yenyewe inayoitwa wl, ambayo wengi huiweka kwenye laptopu za zamani, haina hali ya kurusha. Kwa upande mwingine, kompyuta ndogo za Raspberry Pi zenye Wi-Fi, tangu modeli ya 3 iliyotoka mwaka 2016, hutumia chipu zilizoanzia Broadcom kwa draiva tofauti, brcmfmac, nazo hurusha bila shida. Ila zina antena ndogo iliyo juu ya bodi, na zinafaa chumba na sebule kuliko nyumba nzima.

Mtu anaweza kusema: kama ni hivyo, nipe jina la kadi moja nzuri niende Kariakoo au Luthuli Avenue nikaitafute. Ombi hilo lina mantiki, lakini jina la kadi ndilo jambo lisiloaminika zaidi katika biashara hii. Mfano unaojulikana sana ni kijiti cha TP-Link TL-WN722N. Toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, na kikajijengea jina zuri miongoni mwa watumiaji wa Linux. Toleo la pili likatoka na chipu ya Realtek, kwa jina lilelile na umbo lilelile; tofauti ya nje ni herufi na namba ya toleo kwenye kibandiko. Mnunuzi aliyeambiwa jina tu alipata kifaa kingine kabisa. Na hata lile toleo la kwanza lilikuwa na ukomo wake: fimwea ya chipu hiyo huhudumia vifaa visivyofika 10 kwa wakati mmoja, idadi inayofikiwa upesi na familia yenye simu kila mkono, televisheni na laptopu ya mwanafunzi. Ushauri wa jina la kadi huchakaa siku kiwanda kinapobadilisha chipu. Ushauri wa chipu na draiva hudumu.

Pingamizi la pili husikika kwa mafundi vijana: draiva si zinapatikana mtandaoni, mtu anashusha na kuzijenga mwenyewe? Ni kweli zinapatikana, na kwa kompyuta ya majaribio hakuna ubaya. Tatizo ni kwamba kituo cha Wi-Fi cha nyumbani ni huduma, na huduma hupimwa kwa siku ambazo fundi hayupo. Draiva iliyo nje ya kerneli lazima ijengwe upya kila mfumo unaposasishwa. Ikishindikana, nyumba nzima inakosa mtandao, na njia ya kutafuta marekebisho ni mtandao uleule uliokatika. Wengi hukwepa hilo kwa kuacha kusasisha mfumo, na hapo wanabadilisha usumbufu kwa hatari, kwa sababu kompyuta inayokaa kati ya familia na intaneti ndiyo ya kwanza kuhitaji viraka vya usalama. Kwa hiyo kigezo changu ni kikali: kwa kituo kinachotegemewa, chagua kadi ambayo draiva yake imo ndani ya kerneli. Nyingine ziwe za kujifunzia.

Kuna wanaodhani kwamba tabaka la sheria ni mzaha unaokwepeka kwa kubadilisha herufi mbili za nchi. Katika mipangilio ya hostapd kuna mahali pa kuandika nchi, TZ kwa Tanzania au KE kwa Kenya, na ni kweli mtu anaweza kuandika nchi nyingine inayoruhusu nguvu kubwa zaidi. Lakini masafa yanasimamiwa na mamlaka za mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, na baadhi ya chaneli za GHz 5 zinatumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa. Kwenye chaneli hizo kituo kinatakiwa kusikiliza kwanza kwa angalau dakika nzima kabla ya kurusha, na kihame kikisikia rada. Kadi nyingi za kompyuta hazina uwezo huo, kwa hiyo ni busara kutozigusa chaneli hizo kabisa. Hata kwa asiyejali sheria, faida yenyewe ni ndogo. Mawasiliano ya Wi-Fi ni ya pande mbili: ukikiongezea kituo nguvu, simu iliyo chumba cha mwisho itakisikia vizuri zaidi, lakini simu hiyo haijaongezewa nguvu ya kujibu. Utaona mistari imejaa kwenye kioo huku ukurasa haufunguki. Aliyekisogeza kituo katikati ya nyumba na kukiinua juu ya kabati amefanya zaidi kuliko aliyedanganya nchi.

Kasi nayo isomwe kwa akili hiyohiyo. Namba za kwenye boksi ni kasi ya redio katika mazingira bora, na hugawanywa kwa vifaa vyote vinavyosubiri zamu. Kadi ya 802.11n yenye antena moja, kwenye upana wa MHz 20, ina kasi ya juu ya Mbps 72, na ukishaondoa gharama za mawasiliano yenyewe hubaki takriban nusu. Kijiti cha USB kilichochomekwa nyuma ya kompyuta, kikiwa kimebanwa kati ya bati la kasha na ukuta wa tofali, kitatoa chini ya hapo. Waya mrefu wa USB unaokitoa kijiti kwenye kivuli cha kompyuta hugharimu kidogo na mara nyingi huongeza zaidi ya kununua kadi mpya. Kwenye GHz 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, na ubaki kwenye upana wa MHz 20, hasa kwenye nyumba za kupanga ambako kila mlango una ruta yake. GHz 5 ina nafasi zaidi na msongamano mdogo, lakini kuta za saruji huidhoofisha upesi. Kwa nyumba yenye kuta nyingi, kadi inayoweza GHz 5 peke yake si baraka.

Wapo watakaouliza kwa nini kujisumbua na Linux ilhali Windows ina kitufe cha kugawa intaneti. Kitufe hicho ni kizuri kwa mgeni wa jioni moja. Kina ukomo wa vifaa 8, na mipangilio yake ni michache: huwezi kupanga majina mawili, kuwatenga wageni, wala kumpa kila mtu kiasi chake. Na zaidi ya hayo, hakikwepi hoja yetu. Windows pia hutegemea draiva ikubali kurusha, na ikikataa, mtumiaji huambiwa tu kwamba haiwezekani bila kuonyeshwa ni tabaka gani lililokataa. Linux inaonyesha. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa anayetaka kujenga kitu cha kudumu.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: ruta ya dukani inafanya kazi hii yote kwa bei ndogo, chipu yake imechaguliwa kwa ajili ya kurusha, na mtu haandiki amri hata moja. Sina nia ya kulipinga kwa ukaidi, kwa sababu kwa nyumba nyingi ni la kweli. Hesabu ya umeme peke yake inatosha. Kompyuta ya mezani inayokula wati 50 saa zote humaliza uniti 36 kwa mwezi. Ruta ya wati 8 haifiki uniti 6. Kwa mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, kompyuta hiyo ingekula karibu nusu ya nafasi yake kabla jokofu halijawashwa. Umeme ukikatika, ruta huweza kuendelea kwa betri ndogo, na kompyuta ya mezani huhitaji mtambo mkubwa. Kama lengo ni intaneti kwenye simu tu, nunua ruta na umalize.

Lakini pingamizi hilo halifuti hoja. Linaipeleka mahali pake. Iko nyumba ambayo kompyuta inawaka tayari kwa kazi nyingine: duka dogo lenye kamera, darasa la masomo ya ziada, ofisi ya nyumbani yenye hifadhi ya mafaili. Hapo kadi nzuri huongeza wati chache tu. Yuko anayejifunza ufundi wa mitandao, ambaye kwake kuona kila tabaka likifanya kazi ni masomo ambayo ruta iliyofungwa haiwezi kumpa. Na kuna njia ya kati ambayo mara nyingi ndiyo bora: iache kompyuta ifanye kazi ya akili, yaani kugawa anwani, kuchuja na kupima matumizi, na kazi ya redio ipewe ruta ya zamani. Zima ugawaji wa anwani wa ruta hiyo, ipe anwani isiyogongana na ya kompyuta, kisha waya unaotoka kwenye kompyuta uchomekwe kwenye tundu mojawapo la LAN, usichomekwe kwenye la WAN. Kuanzia hapo ruta ni kituo tu, na unaweza kuiweka katikati ya nyumba, mahali ambapo kompyuta isingekaa. Ukiwa na ruta inayokubali OpenWrt, unapata chipu ya kurusha na mfumo wa Linux ndani ya kifaa kimoja cha wati chache.

Hata katika njia hiyo utaratibu wa kuchagua haubadiliki, kwa maana ruta nayo ni chipu na draiva. Kabla ya kununua ili uiwekee OpenWrt, soma namba ya toleo kwenye kibandiko, si jina la modeli peke yake, na uilinganishe na orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na mradi huo. Kwa kadi ya ndani ya kompyuta, hakikisha kwanza tundu lako ni la aina gani, PCIe ya kawaida, mPCIe au M.2, na kumbuka kwamba baadhi ya laptopu za zamani za HP na Lenovo hukataa kuwaka zikiwekewa kadi isiyo kwenye orodha ya kiwanda. Kwa kijiti cha USB, kama muuzaji hajui chipu, omba kukichomeka kwenye laptopu yako hapohapo, usome lsusb kisha iw list. Muuzaji akikataa, bei ya kifaa hicho imeshapanda, hata kama namba iliyo kwenye kibandiko haijabadilika.

Mpangilio wa maamuzi, basi, uwe hivi. Amua kwanza kama unahitaji kompyuta iwe kituo, au ruta ndogo inatosha. Kama unahitaji, hesabu vifaa vitakavyojiunga na kuta zitakazopitwa, maana hizo ndizo zitakazokuambia kama GHz 5 ina maana kwako. Chagua familia ya chipu ambayo draiva yake imo ndani ya kerneli na inarusha: Atheros ya ath9k kwa mahitaji ya kawaida, MediaTek ya mt76 kwa vizazi vipya. Ndipo utafute kadi yenye chipu hiyo, uithibitishe kwa namba za utambulisho, na ulipe. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi iwe kitu cha mwisho kusoma, na kama hatua zilizotangulia zimekamilika, huenda usihitaji kuisoma kabisa.